Ubalozi kama Kazi ya Kudumu: Mpaka wa Ziwa Nyasa na Historia ya Wanadiplomasia wa Tanzania

Mwambao wa Ziwa Nyasa ulio katika Mkoa wa Ruvuma unaanzia Lituhi upande wa kaskazini, unapita Liuli na Mbamba Bay, na kuishia Chiwindi, karibu na mpaka wa Msumbiji. Nyuma yake zimeinuka milima ya Umatengo, ambako kata kama Kitura, Litembo na Maguu za Wilaya ya Mbinga zinaishi kwa kahawa, mahindi na maharage yanayolimwa katika ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Hadi mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, milima hiyo na ufuko huo vilikuwa chini ya utawala wa wilaya moja. Eneo hili liko mbali na miji mikuu yenye balozi, lakini lina mambo mawili yanayolipa nafasi ya pekee katika historia ya diplomasia ya Tanzania: ndipo alipozaliwa mmoja wa mawaziri wa kwanza wa mambo ya nje wa nchi hii, na ndipo ulipo mpaka ambao umewashughulisha wanadiplomasia wake kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote bila kufikia mwisho.

Kabla ya kufuata historia hiyo ni vyema kutofautisha aina mbili za watu wanaoitwa wanadiplomasia. Wa kwanza ni mteule wa kisiasa, ambaye hupewa ubalozi au uwaziri kwa sababu ya imani aliyonayo kwake mkuu wa nchi, na ambaye anaweza kuwa ametoka katika ualimu, jeshi, chama au biashara. Wa pili ni mwanadiplomasia wa kazi, yaani mtumishi wa umma aliyeajiriwa wizarani akiwa kijana, akapanda cheo baada ya cheo, akahamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na ambaye hubaki kazini serikali inapobadilika. Mkasa wa Ziwa Nyasa unaonyesha kwa nini nchi changa ililazimika kujenga kundi hili la pili: hoja za mpaka hushinda au hushindwa kwa kumbukumbu zilizotunzwa na kwa pingamizi zilizotolewa kwa wakati, na kazi hiyo haiwezi kutegemea umaarufu wa mtu mmoja.

Wajumbe kabla ya mipaka

Ujumbe kati ya tawala ulikuwapo katika eneo hili muda mrefu kabla ya neno wizara kujulikana. Wangoni, waliofika kutoka kusini katikati ya karne ya 19 na kujenga tawala zao katika nchi ya Songea, waliwasukuma Wamatengo wajikusanye milimani, na uhusiano kati ya pande hizo ulikuwa wa vita, kodi za kiheshima, ndoa na maafikiano yaliyopelekwa kwa vinywa vya wajumbe. Mjumbe wa namna hiyo hakuwa na cheo cha kudumu. Alichaguliwa kwa safari moja, kwa sababu ya ndimi alizozijua, ukoo aliotoka, au uwezo wake wa kuyakariri maneno ya mtawala bila kuyaongeza wala kuyapunguza, na usalama wake ulitegemea mila iliyokataza kumdhuru mtu aliyetumwa. Mila hiyo ndiyo ambayo sheria ya kimataifa inaiita kinga ya kidiplomasia, maana yake kwamba nchi inayompokea mjumbe haiwezi kumkamata wala kumshtaki hata kama imekasirishwa na aliyemtuma.

Ziwani nako watu walizoea kuvuka. Wanyasa wa ufuko wa mashariki walikuwa na ndugu katika kisiwa cha Likoma na ng'ambo ya magharibi, na wamishonari wa Kianglikana wa shirika la UMCA, waliofanya Likoma kuwa makao yao katika miaka ya 1880, waliziunganisha pande hizo kwa shule, makanisa na meli zao. Padri William Percival Johnson, aliyefanya kazi katika fuko hizo kwa zaidi ya miaka 40, alifariki na kuzikwa Liuli mwaka 1928. Kwa maisha ya kila siku, basi, ziwa lilikuwa njia, na fikra kwamba maji yake yote yangeweza kuwa mali ya upande mmoja haikuwa na mizizi kwa watu waliolitegemea.

Mkataba uliofuata ufuko

Fikra hiyo ilitoka Berlin. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba unaojulikana kwa majina ya Heligoland na Zanzibar, ambao uligawa maeneo ya ushawishi ya dola hizo barani Afrika. Kazi kubwa ya kuuandaa ilifanywa na maofisa wawili wa kudumu, Sir Percy Anderson wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na Dkt. Friedrich Krauel wa upande wa Ujerumani, na hakuna ushahidi kwamba mmoja wao alihitaji kuliona ziwa lenyewe ili kulichorea mstari. Kifungu cha kwanza kilieleza kwamba mpaka wa eneo la Wajerumani, baada ya kufuata Mto Ruvuma na kuelekea magharibi hadi ziwani, ungefuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi kwenye mdomo wa Mto Songwe. Kwa maneno hayo maji yote ya sehemu ya kaskazini yaliwekwa upande wa Waingereza, na mvuvi wa Liuli akawa, kwa tafsiri kali ya karatasi, anavuka mpaka kila alipouingiza mtumbwi wake majini.

Mkataba huohuo, hata hivyo, ulikuwa na kifungu cha sita, kilichosema kwamba mistari iliyotajwa ingeweza kurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili kulingana na mahitaji ya mahali husika. Kifungu hiki ni muhimu kuliko ufupi wake unavyodokeza, kwa sababu kinaonyesha kuwa waandishi wenyewe waliuona mpaka wa ufuko kama jambo la muda lililosubiri maarifa bora zaidi ya nchi. Marekebisho ya namna hiyo yalifanyika kwenye nchi kavu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambako tume ya mpaka ilipima ardhi mwaka 1898 na makubaliano yakafikiwa mwaka 1901, lakini ziwa lenyewe liliachwa lilivyokuwa. Wajerumani kwa upande wao waliendelea kulitumia kana kwamba sehemu yake ni yao: walijenga bandari ndogo katika fuko za mashariki na kaskazini na kuendesha meli ya Hermann von Wissmann bila kuomba ruhusa ya mtu.

Meli hiyo ndiyo iliyoifanya Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhaven, iingie katika historia ya dunia. Agosti 1914, siku chache baada ya vita kutangazwa Ulaya, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliikuta Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo na kuifyatulia mizinga. Nahodha wa Kijerumani, aliyekuwa akifahamiana vizuri na mwenzake wa Kiingereza, alikuwa bado hajapata habari kwamba nchi zao ziko vitani. Mbali na kuhesabiwa miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini ya vita hivyo, tukio hilo linafundisha jambo la msingi kuhusu kazi ya ubalozi, kwamba taarifa iliyochelewa ni sawa na taarifa isiyokuwapo.

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kwa kuwa Nyasaland, yaani Malawi ya sasa, nayo ilikuwa ya Uingereza, mpaka wa ziwa ukageuka kuwa jambo la ndani ya ofisi moja ya makoloni. Hapo ndipo kumbukumbu zilipoanza kupingana. Baadhi ya taarifa ambazo utawala wa Tanganyika uliziwasilisha kwa Shirikisho la Mataifa katika miaka ya 1920 na 1930 zilieleza mpaka kuwa unapita katikati ya ziwa, na nyaraka na ramani nyingine zikaurudisha ufukoni. Kisha, Novemba 1954, Uingereza na Ureno zilikubaliana kuuhamisha mpaka wa Nyasaland na Msumbiji kutoka ufukoni hadi mstari wa katikati ya maji, isipokuwa kuzunguka visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyobaki upande wa Nyasaland. Kwa hiyo mpaka uliokuwa wa ufuko kwa Tanganyika na kwa Msumbiji ulirekebishwa kusini mwa Chiwindi na kubaki na utata kaskazini mwake, ingawa maji na samaki ni walewale.

Wizara changa na mtoto wa Kwambe

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kujiunga na Umoja wa Mataifa siku 5 baadaye, haikuwa na wanadiplomasia wa kazi. Serikali ya kikoloni haikuwa na sababu ya kuwafunza Waafrika kazi ambayo yenyewe iliachiwa London. Wawakilishi wa kwanza waliokotwa kutoka katika fani nyingine, kila mmoja kwa sifa yake: Dkt. Vedasto Kyaruzi, mwakilishi wa kwanza wa kudumu katika Umoja wa Mataifa, alikuwa tabibu na mwanasiasa wa siku za chama cha TAA. Sam Ntiro, balozi wa kwanza mjini London, alikuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa. Na Chifu Erasto Mang'enya, aliyemfuata Kyaruzi mjini New York, alikuwa mwalimu ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Walikuwa watu wenye uwezo mkubwa, na nchi iliheshimika kwa sababu yao, lakini nyuma yao hapakuwa na safu ya maofisa waliozoea kupekua mafaili ya miaka 70 na kuonya juu ya sentensi moja iliyokaa vibaya.

Mtu aliyeibeba diplomasia ya miaka hiyo ya mwanzo, pembeni mwa Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, alikuwa Oscar Kambona, aliyezaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Kwambe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa karibu na Mbamba Bay. Baba yake, David Kambona, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupewa upadri wa Kianglikana katika nchi hiyo. Kijana huyo alisoma katika shule ya misheni ya Mtakatifu Barnaba huko Liuli, kisha Dodoma na Tabora, akawa mwalimu, akaingia chama cha TANU na kuwa katibu mkuu wake, na baadaye akasomea sheria London. Mwaka 1963 alikabidhiwa mambo ya nje, na katika mwaka huohuo Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulipoundwa na kuanzisha Kamati ya Ukombozi yenye makao Dar es Salaam, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Januari 1964, askari walipoasi, Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao wakati Rais na Makamu wake wakiwa wamefichwa mahali pa usalama.

Ujasiri wa namna hiyo ni mtaji wa mwanasiasa, lakini diplomasia ina majaribu ya aina nyingine. Novemba 1964 Kambona alitangaza hadharani kwamba serikali ilikuwa imepata barua zinazothibitisha njama ya nchi za Magharibi dhidi ya Tanzania, na barua hizo zikaja kubainika kuwa za kughushi. Ofisa aliyelelewa katika kazi hiyo angejiuliza kwanza nembo, namna ya uandishi, njia iliyoileta karatasi, na nani ananufaika nayo, kabla ya kuiruhusu ifike kwenye kipaza sauti cha waziri. Miezi miwili baadaye, katika mzozo mwingine, maofisa wawili wa ubalozi wa Marekani waliamriwa kuondoka nchini kwa kutumia haki ambayo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia unaipa kila nchi, yaani kumtangaza mwanadiplomasia wa kigeni kuwa mtu asiyetakiwa bila kulazimika kutoa sababu. Mwaka 1965 Tanzania iliingia katika mvutano na Ujerumani Magharibi na ikavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Kwa ofisi yenye umri wa miaka 4, hayo yalikuwa mafunzo makali yaliyotolewa kazini.

Waraka wa mwaka 1967

Katika miaka hiyohiyo suala la ziwa lilikuwa likikaribia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viongozi wa Tanganyika wenyewe walikuwa wamekiri mbele ya wabunge kwamba, kwa maneno ya mkataba wa 1890, maji ya ziwa hayakuwa ndani ya mpaka wao. Julai 1964, siku chache baada ya Malawi kupata uhuru, mkutano wa OAU mjini Cairo ulipitisha, kwa msukumo mkubwa wa Nyerere, azimio la nchi wanachama kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Malawi imeyatumia mambo haya mawili tangu wakati huo kama nguzo za hoja yake, na hakuna mwanadiplomasia wa Tanzania anayeweza kuyapuuza akiingia katika chumba cha mazungumzo.

Uhusiano na Rais Hastings Kamuzu Banda wa Malawi ulikuwa umeharibika kwa sababu za kisiasa, kwa vile mawaziri wake waliofarakana naye mwaka 1964 walipata hifadhi Tanzania, na yeye kwa upande wake alishirikiana na Wareno na Afrika Kusini. Januari 1967 serikali ya Tanzania ilimwandikia rasmi jirani yake kwamba inautambua mpaka uliopo katikati ya ziwa, na kwamba haikubaliani na ramani zinazouweka ufukoni. Banda aliijibu hoja hiyo kwa kuikataa mwezi Juni, na Septemba 1968 alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba hata sehemu za nchi kavu za kusini mwa Tanzania zilikuwa za Malawi kihistoria. Dar es Salaam ililikataa dai hilo, na pande zote zikabaki na silaha zao maghalani.

Inafaa kuitazama kwa karibu hati ya aina iliyotumika katika mawasiliano kama hayo, kwa kuwa ndiyo kifaa cha kila siku cha kazi hii. Waraka wa kibalozi, tofauti na barua ya kawaida, huandikwa kwa nafsi ya tatu: wizara haisemi "mimi" wala "sisi", bali hujitaja kwa jina lake kamili, huanza kwa kutoa salamu za heshima kwa ubalozi au wizara inayopokea, hueleza jambo lenyewe kwa sentensi chache zilizopimwa, kisha hufunga kwa kurudia heshima hiyohiyo hata kama katikati yake mna lawama kali. Mara nyingi hautiwi saini kamili, bali herufi za mwanzo za jina la ofisa na mhuri. Kila neno lina uzito, kwa sababu kusema serikali "imepokea" taarifa si sawa na kusema "imeizingatia", na "kuizingatia" si sawa na "kuikubali".

Thamani ya waraka wa 1967 haikuwa katika kumshawishi Banda, jambo lisilowezekana, bali katika sheria ya kimataifa, ambayo kwayo nchi inayonyamaza kwa muda mrefu mbele ya dai la jirani inaweza kuhesabiwa kuwa imelikubali. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mpaka methali hiyo ina maana ya moja kwa moja: kuanzia tarehe ya waraka huo haikuwezekana tena kudai kwamba Tanzania imeridhika. Kwa mtazamo huohuo, udhaifu wa msimamo wa Tanzania uko katika miaka 5 iliyotangulia waraka, wakati hapakuwa na kumbukumbu ya pingamizi na palikuwa na kumbukumbu ya kukiri.

Kwa Kambona mwaka huo ulikuwa wa mwisho serikalini. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 alitofautiana na mwelekeo wa chama, akajiuzulu Juni, mwezi uleule Banda alipotoa jibu lake, na Julai akakimbilia uhamishoni London. Alirudi nchini mwaka 1992 na kufariki mwaka 1997. Kuondoka kwake kulionyesha hatari ya diplomasia inayobebwa na watu mashuhuri, kwani mwanasiasa anapoanguka hupotea pamoja na mazungumzo aliyoyafanya faraghani, iwapo hayakuandikwa.

Ngazi, chuo na uhamisho

Kundi la wanadiplomasia wa kazi lilijengwa polepole katika kivuli cha misukosuko hiyo. Mfano unaotajwa zaidi ni Dkt. Salim Ahmed Salim wa Zanzibar, aliyepelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, kisha India na China, kabla ya kukaa Umoja wa Mataifa kwa miaka 10 kuanzia 1970. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa umoja huo na kuzuiwa na kura za turufu za Marekani katika duru nyingi za upigaji kura, na mwaka 1989 akawa Katibu Mkuu wa OAU hadi 2001. Alianza kama mteule wa kisiasa kama wenzake wa enzi hiyo, lakini urefu wa utumishi wake uliufanya ubalozi uonekane kuwa fani yenye kanuni zake.

Mafunzo rasmi yalipata makao mwaka 1978, serikali za Tanzania na Msumbiji zilipoanzisha kwa pamoja chuo cha uhusiano wa kimataifa huko Kurasini, Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Chuo cha Diplomasia na ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim. Ushirikiano huo ulizaliwa na miaka ya vita vya ukombozi, ambapo FRELIMO, harakati ya ukombozi ya Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilipigana kupitia Mto Ruvuma huku wakimbizi wa Msumbiji wakihifadhiwa katika mikoa ya kusini. Matunda yake yanaonekana mpakani: Desemba 1988 nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya mpaka wao wa baharini, katika sehemu ambayo Mto Ruvuma unamwaga maji yake, bila kelele na bila usuluhishi wa mtu wa tatu.

Ofisa anayeingia katika fani hii huanza kama Afisa Mambo ya Nje wizarani, akiwekwa kwenye dawati la eneo fulani, kwa mfano nchi za kusini mwa Afrika, ambako kazi yake ni kusoma taarifa za ubalozi, kuandika muhtasari kwa ajili ya wakubwa, kutayarisha dondoo za mazungumzo na kuhudhuria mikutano akiwa mwandishi wa kumbukumbu. Akipelekwa nje huwa Katibu wa Tatu, kisha wa Pili, kisha wa Kwanza, halafu Mshauri, cheo kinachomfanya awe miongoni mwa maofisa wa juu wa ubalozi na wakati mwingine Kaimu Balozi bosi wake akiwa safarini. Uteuzi wa balozi hufanywa na Rais, na mteule haanzi kazi kikamilifu mpaka nchi ya kupokea iwe imeridhia jina lake na yeye mwenyewe awe amekabidhi kwa mkuu wa nchi hiyo hati za utambulisho, yaani barua ya Rais inayothibitisha kwamba maneno yake ni maneno ya serikali iliyomtuma. Kila baada ya miaka michache huhamishwa, ili asije akaanza kuiona dunia kwa macho ya nchi anayokaa, na familia yake huhama naye, watoto wakibadilisha shule na lugha.

Walioipanda ngazi hii na kufika juu ni pamoja na Liberata Mulamula, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, balozi nchini Marekani na hatimaye waziri. Mkoa wa Ruvuma nao umeendelea kutoa majina yaliyoingia katika diplomasia kwa mlango mwingine, kama Dkt. Asha-Rose Migiro, aliyezaliwa Songea na kuwa mhadhiri wa sheria kabla ya kuwa waziri wa mambo ya nje na, kuanzia 2007 hadi 2012, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mafaili yanafunguliwa upya

Katikati ya miaka ya 1980 uhusiano wa Tanzania na Malawi ulitengemaa, kwa kuwa vita vya Msumbiji vilizifunga njia za Malawi za kwenda baharini na bandari ya Dar es Salaam ikawa tegemeo lake. Suala la mpaka halikutatuliwa, ila liliwekwa kando kwa ridhaa ya pande mbili. Lilirudi kwa nguvu baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, na mwaka 2012, chini ya marais Jakaya Kikwete na Joyce Banda, kauli za vitisho zilisikika katika vyombo vya habari hadi wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli wakaanza kuuliza kama ni salama kwenda kuvua usipa usiku.

Kikwete, aliyekuwa ameshika wizara ya mambo ya nje kwa miaka 10 kabla ya urais, na waziri wake Bernard Membe, aliyewahi kuwa ofisa wa ubalozi nchini Canada, waliukabili mzozo huo kwa mikutano ya wataalamu na mawaziri iliyofanyika nchini Malawi na Tanzania. Hoja za Tanzania zilikuwa zilezile zilizotunzwa katika mafaili: kifungu cha sita cha 1890, taarifa za enzi ya udhamini, mfano wa 1954 na waraka wa 1967, zikiongezewa hoja kwamba mpaka wa ufuko hauna uthabiti, kwa sababu kina cha ziwa hupanda na kushuka na mstari wa maji huhama pamoja nacho. Malawi nayo ilirudia maneno ya kifungu cha kwanza na azimio la Cairo. Mwishoni mwa 2012 pande hizo zilikubaliana kulipeleka suala hilo kwa usuluhishi wa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, akisaidiwa na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana.

Uchaguzi wa Chissano haukuwa wa bahati nasibu. Aliishi Dar es Salaam siku za FRELIMO, anazungumza Kiswahili, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake kuanzia 1975 hadi 1986, na nchi yake inapakana na pande zote mbili za mgogoro katika ziwa hilohilo, kwa mpaka ambao wakoloni walikwisha kuuhamishia katikati ya maji. Usuluhishi huo haujatoa mpaka mpya. Umefanya jambo ambalo wanadiplomasia hulihesabu kuwa mafanikio hata kama haliandikwi magazetini, yaani umeliondoa suala hilo midomoni mwa majeshi na kulirudisha mezani, huku nchi hizo zikiendelea kushirikiana katika bonde la Mto Songwe, ambako mto wenyewe ndio mpaka na huhama njia yake wakati wa mafuriko.

Kinachobaki kufanywa

Mkasa huu wa zaidi ya miaka 130 unaruhusu hitimisho moja kuhusu kazi ya ubalozi nchini Tanzania. Pale ambapo nchi ilikosa maofisa wa kudumu, ilisema mambo ambayo imehangaika kuyafafanua tangu hapo. Pale ilipokuwa nao, iliweza kuandika pingamizi kwa wakati, kulinda kumbukumbu na kusubiri bila kupigana. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, iliyoelekeza balozi katika diplomasia ya uchumi, yaani kutafuta masoko, mitaji na watalii, imebadilisha vipimo vya kazi, na ni haki mkulima wa kahawa wa Kitura atarajie kitu kutoka kwa balozi aliyeko Tokyo au Berlin. Lakini kipimo hicho hakiwezi kuchukua nafasi ya kile cha zamani, cha ofisa anayejua faili lake kuliko mtu anayekaa mbele yake.

Aidha, kifungu cha sita cha mkataba wa 1890 kilitaja mahitaji ya mahali husika, na mahitaji hayo hayajawahi kuulizwa kwa walioko ufukoni. Mstari ukiwa bado haujakubaliwa, hakuna kinachozuia nchi mbili kupatana juu ya leseni za uvuvi, uokoaji wa vyombo vinavyozama, misimu ya kupumzisha samaki na taratibu za wafanyabiashara wanaovuka kati ya Mbamba Bay na Nkhata Bay. Makubaliano madogo ya aina hiyo, yanayotamka wazi kwamba hayaathiri msimamo wa upande wowote kuhusu mpaka, ni ufundi wa kawaida wa wanadiplomasia wa kazi duniani kote. Yangeupa mwambao wa Ruvuma faida ya kwanza ya moja kwa moja kutokana na taaluma ambayo mgogoro wake umesaidia kuikuza.